Finjani Kumi za Ami

Ami alikuwa tarishi wa Bunge la Jimbo la Pwani, na mtaa mzima wa Kuze, hapa Mombasa, ulilijua hilo kwa sababu hakuchoka kuuambia. Alikuwa na koti la kaki lenye vifungo vya shaba. Kila Jumapili jioni alikaa barazani na kipande cha ndimu na jivu la jikoni, akavisugua vifungo mpaka ukiinama unaiona pua yako. Mimi nilikuwa na miaka 12, na kazi yangu ilikuwa kulishika koti lisiguse chini.

Nchi ilikuwa changa wakati huo. Bunge la Nairobi halijamaliza hata miaka miwili: Baraza la Wawakilishi lenye watu 129, na Seneti ya watu 41 ambayo Spika wake, Muinga Chokwe, alikuwa mtu wa huku kwetu Pwani. Halafu kila jimbo lilikuwa na bunge lake dogo. La kwetu rais wake alikuwa Ronald Ngala, yeye huyo huyo aliyekuwa kiongozi wa upinzani kule Nairobi, mkuu wa KADU, chama kilichotetea majimbo, na ambaye zamani alikuwa mwalimu mkuu pale Buxton. Ami hakumtaja kwa jina hata siku moja, alimwita "Mwalimu". Aliwahi kumbebea faili zake mara moja, na kisa hicho sote nyumbani tulikuwa tumekihifadhi.

Jumanne, tarehe 10 Novemba 1964, mvua ya vuli ilinyesha tangu adhuhuri. Baada ya isha jirani mmoja akaja mbio kutoka mkahawani kwenye redio, kanzu ameikunja mpaka magotini, akasimama mlangoni bila hata kupiga hodi.

"KADU imevunjwa!"

"Nani kaivunja?" Ami aliuliza. "Kenyatta?"

"Ngala mwenyewe. Kasimama Bungeni leo. Yeye na wenzake wote wanaingia KANU, chama cha Kenyatta."

Ami alimtazama yule mtu kama anayetazama mlevi. Akasema redio ni ya serikali, kwani ulitaka iseme nini? Yeye angengoja gazeti. Akaingia ndani akalala bila kula, na mama akakifunika chakula chake kwa kawa.

Gazeti lilikuja na garimoshi la asubuhi, lakini mimi nilikuwa shule, na baada ya shule kuna chuo, kwa hiyo baraza ilibidi ingoje mpaka alasiri. Nasema ingoje kwa sababu msomaji wao nilikuwa mimi. Wale wazee walikuwa hodari wa msahafu, lakini herufi za gazeti hawakuzipenda; Ami alizijua vizuri ila macho yalikuwa yakimsumbua, au ndivyo alivyosema siku hiyo. Nikakalishwa kwenye jiwe la juu, *Taifa Leo* mkononi. Nikaanza.

Habari ilikuwa ile ile. Kiongozi wa upinzani amesimama, amesema chama chake kimevunjwa kwa ajili ya umoja wa nchi, na kuanzia sasa wako chini ya Mzee Kenyatta. Nilipofika mahali palipoandikwa kwamba wapinzani wamevuka upande wa serikali, mzee mmoja akadakia:

"Wamevuka bila feri?"

Kicheko kikazuka. Ami hakucheka. Aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, polepole, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Haiwezekani," akasema. "Nyinyi hamjui lile Bunge limejengwa vipi. Hebu lete finjani hizo."

Muuza kahawa alikuwa amechuchumaa pale na dele lake. Ami akazichukua finjani kumi, akazipanga mstari mmoja juu ya baraza, zimekaa vizuri. Akasema hiyo ndiyo Seneti. Mtu akitaka kuyagusa madaraka ya majimbo, kule Baraza la Wawakilishi anahitaji robo tatu, lakini Seneti anahitaji tisa katika kumi. Akaipindua finjani moja: "Huyu kakataa. Bado jambo linapita." Akaipindua ya pili. "Hawa wawili wakikataa, basi. Kenyatta na jeshi lake lote watarudi nyumbani. Maseneta watano tu katika 41 wakishikilia, jimbo letu lipo. Karatasi imesema hivyo. Waliitia saini Uingereza kule."

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Nimeipiga tena mara nyingi tangu siku hiyo na haina kosa. Nami niliamini kabisa kwamba gazeti ndilo lililokosea.

Yule muuza kahawa, mtu ambaye sikumbuki kumsikia akizungumza siasa kabla ya hapo wala baadaye, alinyoosha mkono. Akaiinua finjani ya kwanza iliyopinduliwa, akaikalisha. Akaiinua ya pili, akaikalisha. Kisha akazijaza zote kumi kahawa, moja baada ya nyingine, bila kumwaga hata tone.

"Kunyweni," akasema. "Itapoa."

Hapakuwa na neno kwa muda mrefu. Mzee wa feri alichukua yake. Pale barazani kulikuwa na watu wa KANU waliokuwa wakiomba siku kama hiyo ifike, na kulikuwa na wazee wa Mwambao, waliotaka ukanda wa pwani ujitenge, ambao bendera nyekundu ya Sultani iliyoteremshwa Ngomeni mwaka uliotangulia ilikuwa bado inawauma, na hao KADU na KANU waliwaona kuku wa tundu moja. Lakini wote walimwangalia Ami kama anayeangaliwa mfiwa.

Mwishowe Ami akaniuliza, "Alisema kwa lugha gani?"

Nikamwambia Kiingereza, kwa maana Bungeni wakati huo hawakusema lugha nyingine. Kiswahili kilikuja kuingia mwaka 1974.

"Kwa hiyo Mwalimu ametuaga kwa Kiingereza," akasema. Akainywa kahawa yake.

Yaliyofuata yamo vitabuni. Tarehe 12 Desemba tukawa jamhuri, majimbo yakavuliwa nguvu moja moja, na mwisho wa 1966 Seneti nayo ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi, ikatoweka kwa zaidi ya miaka 46. Ami alipata kazi bandarini Kilindini, ya kuhesabu magunia. Alikuwa hodari wa kuhesabu.

Ila asubuhi ya Alhamisi, siku mbili baada ya ile hotuba, nilipoamka nilimkuta amekwisha kuoga. Mvua ilikuwa bado. Alilikunja koti lake vifungo ndani, akalitia kwenye mfuko wa gunia, akaufunga mdomo kwa kamba, akatoka nao kifuani na fulana yake tu mgongoni. Nilimkimbilia na mwavuli wa mama mpaka karibu na Makadara. Alikuwa amelowa chapachapa.

"Ami, unakwenda wapi na wamevunja?"

"Wamevunja chama," akasema. "Barua yangu ya kazi haijavunjwa na mtu. Rudi, utachelewa shule."