Siku moja ya kutafuta bei ya bodi 200

Saa 10 alfajiri. Julai ya Mbeya, maji ya ndoo yanauma vidole. Naamka muda huu kwa sababu viwanda ninavyoviomba bei ya bodi, yaani vibao vya kubebea saketi, viko Shenzhen, China, nao wametutangulia kwa saa tano: kwao ni saa 3 asubuhi, ndiyo kwanza wanafungua ofisi. Wakifunga saa 12 jioni, kwetu ni saa 7 mchana, na baada ya hapo hakuna wa kunijibu.

Hapa Mwanjelwa wananijua kama fundi redio. Redio natengeneza kweli, ila kinachonilisha siku hizi ni kubuni saketi za kuongoza joto kwenye mashine za kutotolesha vifaranga. Mama mmoja wa Uyole anayeunda mashine hizo anataka bodi 200. Yai la kuku linahitaji nyuzi joto kama 37.5 kwa siku 21. Kwa baridi yetu, saketi ikizembea usiku mmoja, trei nzima imekwenda.

Watu hudhani kuomba kotesheni, yaani bei kwa maandishi, ni kuuliza "bodi bei gani?" Natuma faili za Gerber, yaani michoro ya bodi, faili la matundu, na maelezo: tabaka mbili za shaba, kibao cha FR-4 (nyuzi za kioo na gundi ngumu) unene wa milimita 1.6, shaba mikroni 35, rangi ya kijani, ipakwe bati lisilo na madini ya risasi, kila bodi ipimwe. Viwanda vitano, maelezo yaleyale. Ukibadilisha kitu kimoja kwa mmoja wao, bei zao huwezi tena kuzilinganisha.

Saa 1 wanakwenda kula. Nami nakunywa chai kwa mihogo, nafungua kibanda, natengeneza chaja mbili.

Saa 3 ikaingia bei ya chini kuliko zote. Nikaisoma mstari kwa mstari: kupima bodi haimo, usafiri haumo. Nikauliza. Ikarudi bei mpya, imepanda, na sababu nyingine juu yake: bodi yangu ni milimita 102 kwa 80, na bei yao nafuu inaishia 100 kwa 100.

Milimita mbili!

Nikachukua venia, kile kipimo cha milimita, nikapima boksi la kukalia bodi. Matundu ya skrubu yameachana milimita 92, kwa hiyo naweza kupunguza milimita moja kila upande na kichwa cha skrubu bado kikakaa. Shida ni upande wa kushoto, ambako njia ya umeme wa volti 230 inapita pembezoni kabisa. Kuisogeza ndani ni kuisogeza karibu na upande wa sensa ya joto, na hapo sikubali nafasi iwe chini ya milimita 6. Mama huyu anafungua mashine kwa mikono yake mwenyewe, umeme ukirukia huko utampiga. Nikahamisha rilei, ile swichi inayoendeshwa na saketi, nikachora njia nne upya, nikapima tena.

Katikati ya hayo simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Bei imepatikana?"

"Bado mama, nipe muda kidogo."

Akapiga mara tatu. Ya tatu akasema nimtajie hata ya kukisia. Nikamwambia nikikisia mimi, naye atawakisia wateja wake, na hasara itamwangukia yeye. Saa 5 na nusu umeme ukakatika, betri ya kompyuta iko asilimia 31. Nikawasha bando la simu. Faili mpya zikaondoka saa 6 na dakika 40, jasho linanitoka kwenye baridi ile.

Wawili wakajibu kabla ya kufunga. Bei imeshuka.

Mchana uliobaki ni daftari na kikokotoo. Bodi 200 ni kama kilo 5, na kuzisafirisha kwa ndege kunakaribia bei ya bodi zenyewe. VAT ya asilimia 18 haikatwi kwenye bei ya kiwanda peke yake. Usafiri na bima vinaingia humo, na ushuru kama upo. Halafu kuna basi kutoka Dar hadi huku. Kichwa kilikuwa kizito, nikarudia hesabu mara mbili.

Giza limeshaingia nilipompigia.

"Na zikifika nalipa tena?"

"Hapana mama. Kila kitu kimo."

Akanyamaza kidogo. "Basi niandikie profoma, ile ankara ya awali."

Nilipofungua barua pepe kuituma nikakuta ujumbe wa kiwanda cha tatu, umeingia dakika tano kabla hawajafunga: vitundu vya kuunganisha tabaka mbili, vya milimita 0.2, vikiwa 0.3, nao watashusha bei. Nimepitia mchoro wote, nafasi ipo. Nimewajibu, profoma nimeishikilia hadi kesho, na simu nimeitegesha saa 10.