Daftari la mvua na Dominika: nimefika Novemba

Daftari limefika ukurasa wa 64, na leo nimepata nafasi ya kukaa niandike mradi ulipofika. Kwa anayesoma kwa mara ya kwanza: tangu Februari 2025 ninaandika majira ya hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, katika safu mbili. Kushoto naweka mvua, miti, ndege na kazi ya shambani. Kulia naweka siku ya Kanisa: ni Dominika gani, rangi gani altareni, na neno gani la somo lililonibaki moyoni.

Mimi ni mtoto wa mtu wa reli, na Kiswahili ndiyo lugha tuliyotumia kusali nyumbani. Picha za majira nilizopata kanisani utotoni zilitoka mbali: theluji kwenye kadi za Noeli, majani ya manjano yakianguka, maua ya Ulaya wakati wa Pasaka. Nilizipenda, na bado nazipenda. Ila nilikua nikiamini kwamba majira yanayomtangaza Mungu wamepewa wengine, na sisi tuna jua na mvua basi. Nimeanza daftari hili ili nitazame kwa macho yangu mwenyewe.

Kwanza chombo, maana wawili wameniuliza. Kipima mvua changu ni chupa ya maji ya lita moja na nusu. Niliikata pale inaponyooka, nikaigeuza shingo chini iwe kama faneli, kisha nikabandika rula ubavuni. Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo natia changarawe na maji hadi alama ya sifuri kabla ya kuanza. Nasoma kila siku saa tatu asubuhi. Milimita moja ni sawa na lita moja ya maji kwa kila mita mraba ya ardhi, na hesabu hiyo peke yake ilinifanya niitazame mvua kwa heshima. Vipimo vinne vya mwanzo havifai kitu. Nilikuwa nimeiweka karibu na ukingo wa mabati, ikawa inapokea matone ya paa. Nimevipiga mstari, sikuvifuta. Sasa chupa iko juu ya nguzo katikati ya uwanja, mbali na mwembe.

Nanakili ukurasa wa tarehe 5 Machi kama ulivyo: «Jumatano ya Majivu. Mvua 0. Vumbi la barabara limelala juu ya migomba mpaka majani yamekuwa ya kijivu. Mvule wa jirani hauna jani hata moja. Mjirikiti nao hauna jani, lakini umejaa maua mekundu kutoka ncha hadi ncha.» Jioni nilirudi kutoka Misa kwa miguu. Nilipojitazama kwenye kioo, majivu ya Padre na vumbi la njia vilikuwa vimechanganyika usoni, sikuweza kusema kipi kimeishia wapi. Miaka yote nimesikia maneno yale ya siku hiyo, kwamba u mavumbi na mavumbini utarudi. Sikuwahi kuyasikia huku nikiyatema mdomoni.

Tarehe 11 Machi zilinyesha milimita 14, nikatoka mbio na mbegu za wimbi. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea. Alinifuata shambani bila haraka, akapiga jembe mara moja, akageuza bonge. Juu udongo ulikuwa mweusi kwa unyevu, kina cha kidole kimoja. Chini yake palikuwa pakavu, vumbi jepesi kama unga.

«Mwanangu, hii imepita tu,» alisema. «Bado haijafika.»

Nilikuwa nimeshapanda nusu ya shamba. Zikafuata siku kumi na tano za jua kali, na miche iliyokuwa imechomoza ikakauka yote. Safu ya kulia ya siku hizo nimeandika Yakobo 5:7, mkulima anayengoja mvua ya kwanza na ya mwisho. Zamani mstari huo niliusoma kama habari ya subira kwa jumla. Sasa najua anayengoja ana mbegu mkononi, na jirani zake wamekwisha kupanda. Mvua ya kweli ilikuja tarehe 27, nikarudia nusu ile.

Na hapa ndipo nilipopata jambo lililonipa furaha kuliko yote katika mradi huu. Nilikuwa natafuta kwa nini Pasaka inahamahama. Kanuni ni hii: Pasaka ni Dominika inayofuata mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baada yake. Mwaka huu mwezi mpevu wa Machi ulikuwa tarehe 14, umetangulia mno, ikabidi kungoja ule wa Aprili. Huo ulikuwa mpevu tarehe 13, siku yenyewe ya Matawi, na Pasaka ikawa tarehe 20. Ndugu zetu Waorthodoksi nao walisherehekea siku hiyohiyo, jambo ambalo halitokei kila mwaka. Sasa, kwa nini 21 Machi? Kwa sababu siku hizo jua linavuka Ikweta. Na Tororo hatujafika hata digrii moja kaskazini ya Ikweta! Jua likisimama juu yetu, ardhi inapata joto, hewa inapanda, pepo za kaskazini na za kusini zinakutana, na baada ya majuma machache mvua kubwa inafunguka. Alama ileile ya jua ambayo Kanisa linaanzia kuhesabu Pasaka ndiyo inayotuletea msimu wa kwanza wa kupanda. Kwaresima yetu inaanza mavumbini na kuishia kwenye matope. Niliandika hilo kwa kalamu nyekundu, kisha nikamwita mke wangu aje alisome.

Mkesha wa Pasaka ulinyesha. Moto tuliuwasha chini ya kibaraza, mshumaa ukaingia kanisani, na mabati yakapiga kelele hata mbiu ya Pasaka, wimbo wa usiku huo, tukaisikia nusunusu. Mvua ilipopungua wakaja kumbikumbi. Walitoka ardhini gizani, wakaingia kwa madirisha wakifuata mwanga, wakazunguka mshumaa mkubwa, wakatua mabegani mwa watu. Mmoja alitua kwenye kitabu changu cha nyimbo. Mabawa yake yalikuwa marefu kuliko mwili, membamba kama ngozi ya kitunguu, bado yana umande. Alitembea hadi mwisho wa mstari, akajitikisa, mabawa yakabaki kwenye ukurasa, yeye akaenda zake. Nimeyabandika daftarini. Asubuhi watoto waliokota ndoo mbili pale nje, na chakula cha Pasaka katika nyumba nyingi kilianza na kumbikumbi wa kukaanga.

Juni kuna kurasa chache. Kundi la parokia lilitembea hadi Namugongo, walipouawa mashahidi wa Uganda, kwa sikukuu yao ya tarehe 3, likarudi na miguu imevimba na furaha tele. Nililolichimbua mwaka huu ni kwamba 3 Juni 1886, siku Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto, ilikuwa Alhamisi ya Kupaa Bwana. Pasaka ya mwaka ule iliangukia 25 Aprili, tarehe ya mwisho kabisa inayoweza kuangukia. Nimekaa na hilo muda mrefu.

Kuanzia hapo altareni ni kijani, shambani ni kijani, kazi ni palizi. Julai tulivuna wimbi. Wa nusu niliyorudia ulizidi ule mwingine kwa masuke. Septemba mwishoni mbayuwayu walirudi kwenye nyaya za umeme, ndege ambao Yeremia anasema wanaujua wakati wa kuja kwao, na msimu wa pili ukaanza.

Kuna mstari mwingine nilioupata Oktoba na sijaumaliza. Mwanzo 8:22, katika Biblia ya Kiswahili niliyokulia, baada ya sadaka ya Nuhu, Mungu anasema moyoni kwamba «wakati wa kaskazi na kusi» hautakoma. Kaskazi na kusi ni pepo za pwani, zile zilizokuwa zikiendesha majahazi. Maandiko ya asili yanasema kiangazi na baridi. Waliotafsiri waliwapa watu wa pwani ahadi hiyo kwa majira wanayoyajua mwilini. Najiuliza kwa lugha ya Tororo ingesemwaje. Labda msimu wa kwanza na msimu wa pili, kama wakulima wetu wanavyoita.

Leo asubuhi milimita 3. Mvua zinaaga. Majilio, majuma ya kungoja Noeli, yanaanza tarehe 30, zambarau itarudi, na Noeli itatukuta kwenye jua na barabara kavu.

Juu ya mlango kuna msalaba wa ukindu niliousuka siku ya Matawi. Ulikuwa kijani, ukawa manjano, sasa ni kahawia na unakatika ukiushika. Mzee wetu katekista ataikusanya ya nyumba zote kabla ya Jumatano ya Majivu, 18 Februari 2026, ichomwe iwe majivu. Nilipotaka kuuandika daftarini sikujua ni wa safu ipi, nikauandika zote mbili.