Nilimpa dada ini langu, mama akaniuliza habari ya nyongo

Sisi watu wa Tanga mtu akikutolea neno la kuumiza tunasema amekukata maini. Mimi nilikatwa kweli, kwa kisu, Januari 2019, katika hospitali moja ya Delhi, na hela ya kukatwa tulichanga wenyewe. Asilimia 61 ya ini langu ikaenda kwa dada yangu mkubwa.

Wengi wanaoniuliza wanataka kusikia habari ya maumivu. Mimi napenda kueleza kilichotangulia maumivu: nilivyouelewa ule upasuaji hadi nikatia saini nikijua ninachokitia. Hapo aliyenisaidia ni mama. Mama hajui Kiingereza, na kila daktari aliponieleza kitu nilijua jioni simu itaita na nitatakiwa kukisema kwa maneno ya jikoni. Nikishindwa, ina maana hata mimi sijaelewa.

Dada aligundulika ana homa ya ini B mwaka 2012, alipokwenda kuchangia damu. Hakuwa anaumwa popote, akapuuza, na sisi tukapuuza. Miaka mitano baadaye akatapika damu nusu beseni. Dar es Salaam wakamwingiza kamera, wakakuta mishipa ya damu ya umio, yaani njia ya chakula kwenda tumboni, imevimba, wakaifunga kwa vipira. Nikadhani ni ugonjwa wa koo. Ilibidi nifafanuliwe kwamba damu inayotoka kwenye utumbo hupitia kwenye ini kwanza, na ini likishajaa makovu likawa gumu, damu inakosa njia, inarudi nyuma na kutafuta vichochoro. Mishipa ya umio ni kichochoro kimojawapo. Hata yale maji yaliyomjaa tumboni yalitokana na mgandamizo huohuo.

Halafu usiku mmoja akaanza kumwita mwanawe jina la marehemu baba yetu, mara anatafuta sare zake za shule ya msingi. Majirani wakasema kapandwa na pepo. Daktari akasema ni amonia, sumu ambayo ini limeshindwa kuichuja, akampa dawa ya maji matamu ya kuendesha tumbo. Siku ya pili alikuwa anatukumbuka wote, hadi wanaomdai.

Ndipo tukaambiwa habari ya kupandikiza ini. Alama yake ya MELD, inayopima ini limeharibika kiasi gani, ilikuwa 21. Hiyo ni hesabu inayopigwa kutokana na bilirubini (rangi ya njano inayochujwa na ini), kreatinini (taka inayochujwa na figo) na kasi ya damu kuganda. Inaanzia 6 na kuishia 40, na kadiri inavyopanda ndivyo hatari ya kufa inavyokaribia. Muhimbili walishaanza kupandikiza figo mwaka 2017, lakini kwa ini ilibidi tutoke nje ya nchi.

Swali la kwanza la mama: "Ukimpa dada yako, wewe utabaki na nini?"

Nilikwenda bucha karibu na kwangu, Buguruni, nikanunua ini zima la mbuzi na kumwomba muuzaji asilikate. Nikaliweka kwenye sinia, nikapiga picha, nikampelekea daktari kwenye simu yangu. Alicheka, lakini akaweka kidole juu ya skrini na kunionyesha. Ini la mtu lina upande wa kulia, mkubwa, na wa kushoto, mdogo. Kila upande una tawi lake la kuleta damu, tawi la kuitoa, na mrija wake wa nyongo. Kwa hiyo kisu kikipita katikati ya matawi, pande zote mbili zinaweza kuishi. Na ini, tofauti na figo, likipunguzwa hukua tena.

Kule Delhi kipimo cha CT, picha ya mionzi ya ndani ya mwili, kilinipa hesabu ya kumjibu mama. Ini langu lilikuwa na gramu 1,240: kulia 760, kushoto 480. Madaktari huangalia pande mbili. Mimi nisibakiwe na chini ya asilimia 30 hivi, na nilibakiwa na 39. Dada naye apate walau gramu 8 kwa kila kilo ya uzito wake; alikuwa na kilo 62, kwa hiyo chini ya gramu 496 kipande kingeelemewa. "Kumbe mnapimiana kama bucha," mama akasema, na akatulia kidogo.

Nimeruka jambo moja la aibu. Utrasaundi ya kwanza, tukiwa bado Dar, ilikuta ini langu lina mafuta. Mimi, nisiyeonja pombe! Ni chipsi mayai na soda mbili kwa siku. Nilipewa wiki sita nipungue. Nilitembea kila alfajiri mpaka Ilala na kurudi, nikashuka kilo saba. Safari karibu ikwamie kwenye chipsi.

Swali la pili ndilo lililonipeleka mbali kuliko yote. "Na nyongo je? Haitapasuka?" Anayepika maini anajua: kifuko cha nyongo kikichanika, umeharibu chakula. Nililiuliza nikiona ni swali la kijinga. Daktari mpasuaji hakucheka. Akasema hapo ndipo na yeye anapoogopa. Mishipa ya damu wanaishona na mara nyingi inashika vizuri, lakini mirija ya nyongo ni myembamba, ina damu kidogo, na nyongo ikivuja tumboni inaleta maambukizi. Inaweza kumpata mchangiaji, inaweza kumpata mgonjwa. Mara nyingi hutibiwa kwa kuweka kijibomba kwa kamera, mara nyingine hurudishwa chumba cha upasuaji. Kifuko changu cha nyongo wangekiondoa kabisa, na mtu anaishi bila hicho. Nilipouliza kufa, akanijibu bila kuzunguka: kwa wanaotoa upande wa kulia, hufa kati ya mtu 1 na watu 5 katika kila 1,000. Hilo sikumwambia mama.

La tatu halikuwa swali hasa. Tulipimwa ndugu wote. Kaka akakutwa na virusi vya B, akatolewa. Mdogo wetu wa kike damu yake ni kundi A, dada ni kundi B, haikuwezekana. Nikabaki mimi, kundi O, ambalo mtu wa kundi B anaweza kupokea, na sina virusi. Kisha mama naye akapima, akakutwa navyo. Simu ikawa kimya muda mrefu, nasikia jogoo tu. "Kwa hiyo ni mimi niliyewapa?"

Daktari alikuwa ameniambia huenda ni wakati wa kujifungua, na huenda ni utotoni: watoto wanaambukizana kwa vidonda na wembe mmoja, na hakuna kipimo cha kurudi nyuma kujua. Sehemu ya pili nilimwambia kwanza.

Karatasi zilituchosha kuliko vipimo. Sheria ya India ya mwaka 1994 inazuia biashara ya viungo, na wageni wote hupita mbele ya kamati, na barua ya ubalozi ya kuthibitisha undugu. Jina la baba kwenye cheti changu lina H, kwenye pasipoti ya dada halina. Herufi hiyo moja ilitugharimu siku kumi na moja na kiapo cha mahakamani kilichotumwa kutoka nyumbani. Mbele ya kamati, huku kamera inarekodi, waliniuliza kama nimelipwa. Nikasema dada alinilipia ada ya sekondari. Mratibu wetu, muuguzi kutoka Kerala, akashika kichwa. Ilibidi nifafanue upesi.

Upasuaji wenyewe kwangu ni usingizi wa muda wa saa saba. Dada alikaa humo muda wa saa kumi na mbili. Walilitoa ini lake lote bovu, akakaa muda hana ini kabisa, kisha wakaunganisha langu: kwanza mshipa wa kutolea damu, halafu ule mkubwa unaotoka kwenye utumbo. Wakifungua hapo, kipande kilichopauka kinabadilika rangi palepale. Baadaye ateri, na mwisho ile mirija aliyoiogopa mama.

Mimi nilisimamishwa kesho yake, mrija unaning'inia ubavuni. Kukohoa ndiko kulikoniliza. Siku ya nane nikatoka.

Siku ya tisa vipimo vya ini vya dada vikapanda ghafla. Kinga ya mwili wake ilikuwa imelitambua ini kuwa la mtu mwingine, ikalishambulia. Wakamwekea steroidi, dawa za kutuliza kinga ya mwili, kwa dripu siku tatu. Nilimweleza mama kwamba mwili wa dada umemwona mgeni. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Siku tisa, bado wanamwita mgeni?" Siku ya kumi na tatu vipimo vikashuka.

Miezi mitatu baadaye CT ilinikuta na gramu 1,080. Upande wa kulia haukuota upya. Ni ule wa kushoto uliovimba na kujaza nafasi. Mama hakuipenda habari hiyo, anaona nimerudishiwa kitu kisicho na umbo lake.

Dada anakunywa takrolimasi, dawa ya kuzuia kinga ya mwili isilishambulie ini, saa tatu asubuhi na saa tatu usiku, pamoja na kidonge cha kuzuia virusi vya B visilirudie ini jipya, maisha yake yote. Siku ya kupima damu hanywi takrolimasi ya asubuhi mpaka watoe damu kwanza. Na haruhusiwi kula balungi, maana linapandisha takrolimasi kwenye damu hadi ikageuka sumu kwa figo. Sisi kwetu Muheza tuna mbalungi uani, mkubwa, unazaa sana. Mama alitaka kuukata, dada akakataa. Sasa watoto wa madrasa ndio wanaokula, na mama hukaa barazani kuhakikisha wanamenyea nje na kunawa mikono kabla hawajaingia kumsalimia dada.