Corolla 110 inamisi na kuna oili kwenye plagi: nilivyobadilisha raba mwenyewe

Ukichomoa waya wa plagi kwenye Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE na raba yake ikatoka inang'aa oili, usikimbilie kununua plagi. Mpya zitatulia kwa muda mfupi, kisha gari litaanza tena kumisi (silinda kukosa kuwaka, injini ikatetemeka), kwa kuwa oili bado inaingia kutoka juu. Kinachovuja ni raba nne za duara zilizo ndani ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), moja kwa kila mrija wa plagi. Joto la miaka mingi huzikausha.

Oili inayokaa mle hulainisha na kuvimbisha raba ya waya, na uchafu wake hujenga njia ya umeme. Chunguza kauri nyeupe ya plagi: ukiona mstari mwembamba mweusi ulioteremka kutoka juu hadi kwenye chuma, hapo ndipo cheche imekuwa ikipita nje badala ya kuruka ndani ya silinda. Ndiyo maana gari humisi zaidi mlimani. Mgandamizo ukiwa mkubwa, cheche huhitaji volti nyingi kuruka, hivyo hufuata njia rahisi ya pembeni.

Dukani niliomba seti nzima: gasketi kubwa ya tapeti kava, raba nne za mirija, na washa za raba za nati za juu. Ukisema "gasketi ya tapeti kava" tu, mara nyingi utapewa ile kubwa peke yake, na tatizo lako liko kwenye zile nne.

Kazi hii ifanyike injini ikiwa imepoa kabisa. Weka namba kwenye waya za plagi kwa utepe. Namba 1 ni upande wa mkanda wa taiming, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Kabla ya kugusa plagi yoyote, nyonya oili iliyomo kwenye mirija. Mimi hutumia sirinji yenye mpira mwembamba, kisha namalizia kwa kitambaa kilichozungushiwa bisibisi. Ukifungua plagi mrija ukiwa umejaa, oili yote inashukia juu ya pistoni: moshi mwingi, plagi mpya zinachafuka, na ikiwa nyingi sana pistoni inaweza kugoma kupanda.

Chomoa mipira ya hewa, fungua nati, nyanyua kava. Likigoma, ligonge ubavuni kwa nyundo ya mpira. Usilichokonoe kwa bisibisi, hedi (sehemu ya injini ambayo kava linakalia) ni ya aluminiamu, na mkwaruzo mmoja pale gasketi inapolalia unatosha kuvujisha. Raba za zamani zilikuwa ngumu kama plastiki na zilivunjika vipande. Hakikisha hakuna kipande kilichodondokea kwenye kamshafti (shafti inayofungua vali).

Kava nililiosha kwa mafuta ya taa, kisha sabuni, likakauka kabisa. Raba mpya zisukume kwa soketi yenye upana unaolingana nazo, ziingie sawasawa pande zote. Gasketi kubwa inakaa kavu kwenye mfereji wake. Silikoni weka kidogo tu kwenye pembe, pale kofia za kamshafti zinapokutana na hedi. Kuipaka kote ni hatari, maana inayobanwa kuelekea ndani hukatika na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili.

Paka oili kidogo kwenye midomo ya raba, shusha kava wima, na utazame ndani ya kila mrija kwa tochi kama kuna mdomo uliojikunja. Nati kaza kwa zamu, kidogo kidogo, mwisho karibu nyutoni-mita 6 tu. Watu wengi huharibu hapa: wakikaza kwa nguvu gasketi inatoka kwenye mfereji na kuvuja zaidi kuliko mwanzo.

Plagi zianze kwa mkono, kisha zikaze hadi nyutoni-mita 18. Pima ukinzani wa kila waya kwa mita ya umeme. Unaozidi kilo-omu 25 haufai, na wenye raba iliyovimba usiurudishe hata kama kipimo ni kizuri.

Usisahau vali ya PCV, ile inayotoa mvuke ndani ya injini. Ichomoe uitikise. Isipolia, imeziba, mvuke wa ndani ya injini unakosa pa kutokea na kuzisukuma raba mpya. Badilisha siku hiyohiyo.

Harufu ya oili kuungua itakuwepo mwanzoni, kutokana na iliyokwisha kumwagikia eksozi. Mirija ikibaki mikavu na gari bado linamisi, fungua kofia ya distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi). Ukikuta oili ndani yake, sili ya shafti imekwisha. Kukiwa kukavu, angalia rota (kipande kinachozunguka ndani) na nukta za kofia kama zimelika.