Caterham na chumvi ya barabarani: ninavyoivusha majira ya baridi Uingereza

Kwenye Caterham Seven, gari dogo la michezo la wazi, kutu haianzii panapoonekana. Fremu yake ni mabomba membamba ya chuma yaliyochomelewa, na juu yake yamepigwa mabati ya alumini kwa ribiti, yaani pini za kubania bati. Baina ya metali hizo mbili pana upenyo usiopitisha karatasi lakini unaopitisha maji. Maji hayo yakiwa na chumvi, umeshapata betri: umeme mdogo unapita kati ya chuma na alumini, na alumini ndiyo inayoliwa. Inageuka unga mweupe, na unga huo unachukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, basi bati linasukumwa na rangi inafanya malengelenge kuzunguka kichwa cha ribiti. Wengi hulaumu rangi. Rangi haina kosa.

Gari langu nalitumia mwaka mzima. Huku malori ya chumvi huanza kazi mwishoni mwa Oktoba na kuendelea hadi Aprili. Usiku wa jalidi humwaga gramu 10 hadi 20 kwa kila mita ya mraba, na zaidi theluji ikitarajiwa. Ni chumvi ya mawe, ileile ya jikoni isipokuwa imechanganyika na udongo mwekundu. Tabia yake moja ndiyo inayoongoza kila ninachofanya: unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, inajivutia maji hewani na kuyeyuka. Aliyekulia Tanga au Mombasa anaijua. Chumvi ya mezani hutota masika bila mtu kuimwagia maji. Kwa hiyo gari lililoingizwa gerejini likiwa kavu linaweza kulowa usiku huohuo, ndani ya maungio, bila tone la mvua.

Kazi kubwa naifanya Septemba, hali ya hewa ikiwa bado zaidi ya nyuzi 10, kwa sababu praima ya epoksi, ile rangi ya kwanza ya chini, haikauki vizuri chini ya hapo. Gari hupanda stendi nne, magurudumu yanatoka, madigadi ya nyuma yanafunguliwa. Fremu imepakwa rangi ya poda iliyookwa tanurini. Rangi hiyo ni ngumu ila haishikamani tena ikishatobolewa: kokoto moja ikiipasua, maji hutambaa chini yake na kuivua kama ganda la yai. Nakwangua kwa kisu mpaka nifike pale inapogoma kubanduka, hata kama doa la sentimita 1 litakuwa la sentimita 10. Hapo wengi huona huruma, wakaacha ukingo uliolegea, na mwaka unaofuata wanaanza upya. Kisha msasa namba 80, halafu 180, asidi ya fosforasi ya kuua kutu, suuza, kausha, praima ya epoksi mara mbili, rangi ya juu mara mbili.

Kwenye alumini situmii kabisa brashi ya waya wa chuma. Inaacha chembe za chuma zilizozama kwenye bati, na kila chembe ni kutu mpya. Sponji ngumu ya nailoni inatosha.

Ribiti zinataka subira zaidi. Zile za kawaida za kuvuta zina tundu katikati. Msumari wake ukidondoka, maji yana mlango wa kuingia ndani ya bomba la fremu. Nikiona ribiti imezungukwa na unga mweupe, naitoboa, nasafisha, na kuweka ribiti iliyozibwa nyuma. Kwenye gari langu ni za milimita 4, drili 4.1. Kabla ya kuipiga naichovya kwenye Duralac, ile rojo inayotenganisha metali mbili zisigusane. Aina ya zamani ya njano ina kromati, ambayo ni sumu, basi vaa glavu. Siku hizi ipo isiyo na kromati. Kama bati zima limetoka, napaka rojo hiyo kwenye bomba lote, tabaka jembamba, kabla ya kulirudisha.

Baada ya hapo ndipo nta na mafuta, na kila kimoja kina mahali pake. Ndani ya mabomba na kwenye kona zilizofungika napuliza nta ya Dynax S50, kopo la mililita 750 lenye mrija mrefu unaonyunyiza pande zote. Kopo mbili zinanitosha. Nje ya fremu, mikono ya sospensheni, boriti ya De Dion (bomba linalounganisha magurudumu ya nyuma) na chumba cha injini hupata ACF-50, mafuta mepesi yanayopenya kwenye nyuzi za bolti. Diski za breki na kalipa, yaani vibanio vyake, nazivika mifuko ya plastiki kwanza, kwa kuwa mafuta kwenye pedi za breki ni ajali inayokusubiri. Sehemu zinazopigwa na kokoto, hasa nyuma ya magurudumu, mafuta mepesi hayadumu. Hapo naweka nta nzito ya chini ya gari. Grisi ya shaba siipeleki karibu na alumini. Shaba na alumini ni jozi mbaya kuliko hata chuma na alumini.

Kosa baya kuliko yote ni kupaka nta juu ya chumvi. Unaifungia ndani pamoja na unyevu wake, na nje panang'aa. Kwa hiyo sipaki kitu chochote kabla gari halijaoshwa na kukaa siku mbili likikauka.

Baada ya kila safari ya barabara yenye chumvi nachukua kinyunyizio cha bustani, kile kinachoyumba huku na huku, nakitelezesha chini ya gari na kukiacha dakika 15, nikikisogeza mara mbili. Maji ya baridi yanatosha: chumvi huyeyuka kwenye maji ya baridi karibu sawa na ya moto. Mashine ya presha siitumii. Inasukuma maji hadi kwenye beringi, soketi za umeme na humohumo kwenye maungio ninayotaka yasiingie maji. Bamba za kuzuia kokoto mbele ya madigadi ya nyuma hukusanya tope lenye chumvi kwa nyuma, basi mpira wa maji naelekeza pale kwa mkono. Kujua kama imetoka, nakinga maji yanayochuruzika na kuyapima kwa kipimo kidogo cha madini ya maji. Yakisoma sawa na maji ya bomba, nimemaliza. Mara nyingi dakika 5 za kwanza hazitoshi, ingawa kwa macho gari ni safi.

Kisha napuliza kwa kipuliza majani, naliendesha mita mia kadhaa kwenye barabara isiyomwagwa chumvi, nikikanyaga breki mara kadhaa ili diski zikauke, na naliegesha bila kuvuta breki ya mkono. Pedi zikikaa kwenye diski yenye maji ya chumvi zinagandana. Naweka kabari kwenye magurudumu.

Gereji yenyewe naiweka kwenye unyevu wa asilimia 50 hadi 55. Mashine ya kuondoa unyevu yenye kompresa hufanya barafu kwenye koili zake kukiwa na baridi, kwa hiyo nina ile ya gurudumu la kufyonza unyevu. Hita peke yake ni adui: joto bila ukavu huharakisha kutu, na gari lenye chumvi kwenye gereji vuguvugu lenye unyevu huoza haraka kuliko lililolala nje kwenye jalidi. Walio Marekani na Kanada wawe wakali zaidi, maana sehemu nyingi huko humwaga kloridi ya magnesi au ya kalisi, na hizo hulowa hata unyevu ukiwa asilimia 35.

Katikati ya Januari narudia ACF-50, kwani kuosha kumeshaipunguza. Terminali za betri na waya wa arthi kwenye fremu hupata grisi ya silikoni, baada ya kukazwa, si kabla. Mapezi ya rejeta nayasuuza kutoka nyuma kwenda mbele, kwa maji yasiyo na nguvu.

Aprili, baada ya mvua kubwa mbili tatu kuosha barabara, natoa zulia na viti. Povu la chini ya zulia ndilo huficha maji ya Desemba, na sakafu ya alumini chini yake ndiyo ya kwanza kuonyesha vitobo. Mwaka huu nimekuta vitatu, vyote upande wa dereva, pale viatu vinapodondosha theluji.