Sanduku la Zana za Babu

Jumamosi iliyopita, nilipokuwa nikisafisha stoo ya nyumbani kwetu Moshi, nilikuta chini ya magunia ya kahawa sanduku la bati lenye zana za Land Rover ya marehemu babu, aina ya Series III, ambayo ilitengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Spana zilikuwa zimegandiwa na grisi iliyokauka, lakini nilipozisugua kwa mafuta ya taa zikajitokeza namba za inchi: 7/16, 1/2, 9/16. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nati zetu zimelika pembe, kwani kwa miaka mingi tumekuwa tukifungua nati ya nusu inchi, yaani milimita 12.7, kwa spana namba 13, ambayo hucheza kidogo. Kosa ni letu, wala si la gari.

Kilichonifurahisha zaidi ni hendeli ya kuwashia injini kwa mkono, ile inayopitishwa kwenye tundu la bampa. Baba aliishika, akanionyesha namna ya kulaza kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikirudi nyuma ghafla inaweza kukivunja. Alipozungusha mara ya nne, ikawaka.