Turubai Begani mwa Mtu wa Dhahabu

Tulitoka Portland asubuhi, manyunyu yakituandama kilomita 75 hivi hadi Salem, makao makuu ya jimbo la Oregon. Mwenyeji wangu, mama wa Kibembe aliyeishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa Marekani, ndiye aliyeng'ang'ania nikamwone "mtu wa dhahabu".

Tulimwona kabla hata ya kuegesha gari. Amesimama juu ya mnara wa bunge la jimbo, ana ndevu, shoka mkononi, mwili wa shaba uliovishwa dhahabu. Alichongwa na Ulric Ellerhusen kwa ajili ya jengo hili la marumaru lililokamilika mwaka 1938, baada ya lile la kabla yake kuteketea kwa moto mwaka 1935. Ana urefu wa mita 7 hivi, na ni kumbukumbu ya walowezi waliotoka Missouri kwa magari ya maksai, zaidi ya kilomita 3,000, wengi wao kwa miguu.

Mama hakujali shoka.

"Unaona kile kilichomlalia begani? Turubai lile, la kufunikia gari lake. Ukiwa na turubai, mwanangu, una nyumba."

Akanyamaza kitambo. Sikumuuliza kitu.

Mimi moyoni nilikuwa na langu. Mwaka 1844 walowezi hao hao walitunga sheria ya kuwafukuza watu weusi. Katiba yao ya 1857 ikakataza weusi wapya kuhamia, na maneno hayo hayakufutwa hadi 1926. George Washington Bush, mwenye asili ya Kiafrika, alipita njia ile ile mwaka 1844 na mkewe na watoto, naye ana turubai lake. Kwa sababu ya sheria ile akavuka mto Columbia, akalowea kaskazini. Nao Wakalapuya, wenyeji wa asili wa bonde hili la Salem, walishahamishiwa Grand Ronde, eneo walilotengewa wenyeji, kufikia 1856. Miti iliyoangushwa na shoka lile ilikuwa yao. Hawa nao wanastahili kuinuliwa juu, nasema bila kusita.

"Nipige picha," mama akasema, akijitanda kitenge vizuri. "Na yeye aonekane."

Mnara ulikuwa mrefu mno. Ilibidi nipige magoti kwenye nyasi mbichi ndipo wote wawili wakaenea.